Vipanga wa Ghala la Sita

Kipanga wa kwanza alipoacha kusogea, hakuna aliyeshtuka. Ndege hufa. Hufa kwa uchovu, kwa upepo mbaya, kwa waya wa umeme, kwa jiwe la mtu asiye na kazi. Katika kile chumba cha ghorofa ya pili, juu ya duka la kutoa nakala, kulikuwa na ubao mweupe wenye orodha ya vipanga ishirini na mmoja waliofungwa vifaa mgongoni, na wanne walikuwa wameshapigwa mstari tangu msafara wa mwaka ule uanze. Huyu akawa wa tano, naye akapigwa mstari, chai ikanywewa, kazi ikaendelea.

Siku nne baadaye alitulia mwingine, karibu na pale pale. Safari hii mwanamke aliyekuwa akiwafuatilia aliweka kikombe chini. Ofisini walimwita Darubini, jina alilopewa na mkuu wa kituo kwa sababu kwenye ramani hakuna kilichompita. Vile vifaa vilikuwa vidogo kama kiberiti, vilijichaji kwa jua, na kila baada ya saa mbili vilituma kwa setilaiti mahali ndege alipo na joto la mgongo wake. Ndege aliye hai, hata akilala, joto lake halipandi wala kushuka sana. Aliyekufa huchemka jua likiwa utosini na kupoa jua likizama, sawasawa na bati. Darubini aliitazama mistari ile miwili ikipanda na kushuka pamoja, siku baada ya siku, na hakuipenda.

Siku ya kumi na moja akatulia wa tatu. Ukichukua maiti zote tatu, ungeweza kutoka kwa moja hadi nyingine kwa miguu, robo saa ikakutosha.

Mkuu wa kituo alikuja akasimama nyuma ya kiti chake, akakunja mikono. Alisema kuna mtu anawaua, na kwamba hii ndiyo hasa kazi waliyoipigania miaka sita: kujua ndege anafia wapi, ili serikali iambiwe itie mkono mahali pamoja panapojulikana badala ya kuhubiriwa nchi nzima. Akataka kujua pale ni wapi.

Darubini alikuza picha. Yakatokea mapaa sita marefu ya bati yaliyopangwa kama vitanda vya wodi, ua wa seng'enge, mtaro, kisha nyumba nane za wafanyakazi. Hakuhitaji kusoma jina. Nyumba ya tatu kutoka mwisho, yenye tangi la maji la bluu, ilikuwa ya dada yake mkubwa. Wiki tano zilizopita alilala humo siku mbili, kwenye msiba wa mama mkwe wa dada.

Alimjibu mkuu kuwa ni maghala ya nafaka, na kwamba angekwenda mwenyewe. Kwamba mtunza maghala yale ni shemeji yake, hilo alilimeza. Hakudanganya, kwa kuwa hakuulizwa. Lakini aliposhuka ngazi lilimkaa kifuani kama uongo kamili.

Na si shemeji wa kusalimiana tu sikukuu. Baba yao alipofariki Darubini alikuwa kidato cha pili, na shemeji, bwana harusi wa miezi mitatu tu, ndiye aliyesema huyu mtoto atakaa kwetu. Alikuwa mtu wa mpangilio, mwenye kukunja leso yake mara nne na kuipiga pasi hata hivyo. Jioni aliketi na shemeji yake mdogo mezani wakipima pembe za hisabati kwa rula, na akikosea hakumgombeza, alifuta tu na kusema tuanze upya.

Kesho yake asubuhi Darubini aliondoka na daktari wa wanyama, mtu wa mizaha, aliyependa kuwaambia watu kwamba alichagua wagonjwa wasiojua kulalamika. Walifika saa nne. Daktari akatoa antena ya mkononi, mfano wa kitana kikubwa cha chuma, akawa anaizungusha taratibu nje ya ule ua huku redio ya kiunoni ikilia polepole, kisha haraka, kisha haraka zaidi. Kipanga wa kwanza alikuwa mtaroni, ameshageuka manyoya na sisimizi. Wa pili hakuwa na hali bora. Wa tatu, wa jana tu, walimkuta chini ya kichaka, kifudifudi, mbawa zimetandazwa kana kwamba amejaribu kuifunika ardhi.

Daktari alifungua mlango wa nyuma wa gari, akatandika magazeti, akavaa glavu. Alikuwa bado anatania kuhusu ukali wa kisu chake alipompasua, na mzaha ukaishia hapo. Damu ilitoka yenyewe. Ilikuwa imejaa tumbo zima, nyepesi kama chai, ikatiririka kwenye gazeti, ikavuka ukingo, ikaanza kudondoka chini.

"Mzoga wa jana," daktari akasema, "hii ilipaswa iwe imeganda kama ini."

"Amepigwa?"

"Hakuna mtu aliyemgusa. Amevuja ndani kwa ndani mpaka akaisha."

Tumboni mwake mlikuwa na panya wawili. Daktari akampasua mmoja kwa mkasi mdogo, na ndani mwa panya mlikuwa vile vile.

Akaeleza huku akinawa kwa maji ya chupa. Ni dawa ya panya, ile inayoiondolea damu uwezo wa kuganda. Haiui papo hapo. Panya akiila hutembea siku tatu, nne, akilegea, akikosa hata nguvu ya kujificha. Na kipanga anayeshuka na njaa ya safari ndefu anaona amewekewa meza. Na dawa yenyewe haiishi kwa panya. Hukaa kwenye ini la aliyemla wiki na wiki, ikijiongeza kidogo kidogo. Darubini alimuuliza dalili zake ni zipi kabla ya kifo, kwa kuwa alitaka kuziandika.

"Michubuko bila kugongwa. Damu puani. Kwenye fizi, kwa wenye fizi. Uchovu. Halafu siku moja kujigonga kidogo tu, na ndiyo mwisho."

Wakakubaliana kwamba daktari angewapeleka ndege mjini kwa ajili ya maabara, naye Darubini angebaki akajue kwa mtunza ghala jina la dawa iliyotumika. Hapo ndipo alipomwambia kuwa mtunza ghala ni shemeji yake. Daktari akafunga mlango wa gari.

"Basi utakula vizuri mchana," akasema.

Dada alimpokea kwa kelele, kama kawaida yake. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, ambaye mdomo wake haukujua likizo. Alilalamika kwamba mgeni hakutoa taarifa, akalalamika kwamba amekonda, akamnyang'anya mkoba, akamketisha jikoni ili umbea usikatike. Watoto wake wawili walikuwa shule ya bweni, nyumba ilikuwa kimya mno, na tangu mama mkwe afariki hakuwa hata na wa kubishana naye. Akakunja mikono ya gauni lake ili aoshe bakuli. Kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko mkono ulikuwa na rangi ya wino.

Darubini aliuliza ni nini kile.

"Kishikio cha ndoo," dada akasema, akicheka. "Siku hizi nikiguswa tu nabaki na alama, kama ndizi mbivu. Uzee umebisha hodi, mdogo wangu."

Akanywa maji, akaiweka glasi mezani. Ukingoni, pale mdomo ulipogusa, kulibaki mstari mwembamba wa waridi. Darubini aliutazama mpaka dada alipoichukua glasi na kuisuuza.

Shemeji aliingia saa saba kasoro, tundu moja la pua limezibwa kwa pamba. Alisema ni joto. Alikuwa amepungua, wakati wa msiba Darubini alidhani ni huzuni. Alimuuliza habari za kazi, za mkuu wake, za ndege, akamsikiliza kwa makini kama zamani, kisha wakaketi. Dada akapakua. Ulikuwa uji mzito wa nafaka na mboga pembeni, na dada akaomba radhi kuwa si chakula cha mgeni, ila tangu alfajiri amekuwa mchovu, hana hata nguvu ya kusimama jikoni.

Darubini alichukua kijiko. Hakujua kwa nini, lakini badala ya kula aliuliza ni vipi hasa mama mkwe alivyofariki, maana wakati wa msiba watu walikuwa wengi na hakupata kusikia vizuri.

Dada ndiye aliyesimulia. Bibi aliteleza kwenye kizingiti cha bafu asubuhi. Wala hakuanguka, alikaa tu, akajicheka, akasema sasa ameanza kucheza kama mtoto. Akanywa uji wake. Mchana kichwa kikamuuma. Alasiri ulimi ukawa mzito, na kabla ya magharibi akawa hayupo. Kwenye zahanati waliandika presha.

"Na alijigonga kidogo tu," dada akasema. "Kidogo tu."

Darubini akarudisha kijiko mezani.

Alimgeukia shemeji, akamwambia kilichomleta: ndege watatu, mtaroni na kichakani, na panya tumboni. Akamuuliza anatumia dawa gani. Shemeji hakuficha, alikuwa karibu na kujivunia. Panya walikuwa wamemshinda. Walikuwa wakipasua magunia mchana kweupe, na wenye ghala walishamwambia kwa barua kuwa wakija tena wakute hali hiyo atafute kazi nyingine. Dawa yenye rangi panya walishaijua, walikuwa wakiiruka kama watu. Kwa hiyo alipata isiyo na rangi wala harufu, akaichanganya mwenyewe na nafaka safi katika ghala la sita, kipimo kwa kipimo, akavaa barakoa, akaweka kila kitu kwenye daftari. Mifuko ya dawa aliitenga. Kila mmoja aliufunga utepe mwekundu shingoni, na vibarua wote waliambiwa utepe mwekundu usiguswe.

"Yote iko ghalani?" Darubini akauliza.

Isipokuwa mmoja, akasema. Ule uliobaki nusu aliuleta nyumbani akaufungia kwenye stoo ya uani, kwa sababu vibarua wana mikono mirefu na hakutaka mtu adhurike.

Dada alikuwa anainua bakuli. Akalishikilia hewani.

"Ule wenye utepe mwekundu?" akasema. "Si mama alichukua ufunguo wa stoo akaupeleka mashineni. Alisema nafaka nzuri vile inaliwaje na vumbi. Ndio unga wetu huu."

Nje, kibarua mmoja alikuwa anaburuta toroli kwenye kokoto, na sauti ile ilikwenda mpaka ikaisha. Shemeji aliyatazama mabakuli matatu, moja baada ya jingine. Kisha akainuka, akaenda kwenye bomba, akanawa mikono. Akanawa tena. Alinawa muda mrefu kiasi kwamba Darubini alitamani amfungie maji.

"Mama alikuwa na presha," akasema, akiwa bado amewapa mgongo.

"Ndiyo, shemeji."

"Daktari aliandika presha."

Mtu yule, aliyekuwa akifuta na kusema tuanze upya, aligeuka na uso ambao hakuwahi kuuona. Akaliendea debe la unga lililokuwa pembeni ya jiko, akalikumbatia, akaelekea mlangoni. Darubini akawahi kusimama mbele yake. Alimwambia akiumwaga mtaroni panya wataula, na vipanga bado wanapita, na zaidi ya hayo hospitali itauhitaji. Shemeji hakusukuma. Alisimama tu amelikumbatia lile debe kama mtu aliyepewa mtoto amshike.

"Umekuja kwa ajili ya ndege," akasema kwa sauti ya chini. "Andika ndege. Andika ghala, niandike hata mimi nifukuzwe. Hili la mama usiliandike. Nakuomba, mdogo wangu."

Kwa miaka yote ile hakuwahi kumwomba kitu. Darubini alifungua mdomo, na hata leo hajui angemjibu nini, kwa sababu nyuma yao dada aliwaita. Hakupiga kelele. Alikuwa ameshika taulo la jikoni puani, na taulo lilikuwa limeshaloa, na katikati ya vidole damu ilikuwa ikishuka mpaka kwenye kiwiko, nyepesi, bila haraka, bila dalili ya kukoma.

Shemeji aliliweka debe chini, akatimua mbio kutafuta gari la ghala. Darubini akampigia daktari wa wanyama, akamkuta bado barabarani. Alimwambia mambo matatu kwa sentensi moja, na upande wa pili gari likasikika likikanyaga breki.

"Sikiliza," daktari akasema. "Wakisema presha, kataa. Waambie sumu ya panya, waambie vitamini K, ya sindano na nyingi, na damu. Rudia mpaka waandike. Na hao wote waliokula, wote, usiache hata mmoja."

Hospitali ya wilaya ilikuwa mwendo wa dakika arobaini. Dada alilala kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa mdogo wake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa hasemi. Mapokezi, muuguzi alianza kwa kuuliza kama ana historia ya presha. Kabla Darubini hajajibu, shemeji alisogea mbele ya ile meza.

"Ni sumu," akasema. "Nimeichanganya mimi. Imeshamuua mama yangu." Akataja jina la dawa herufi kwa herufi, na kipimo chake, kama alivyokuwa ameandika kwenye daftari.

Walimwahi dada. Alipewa chupa tatu za damu na sindano siku nzima, na siku ya tisa akatoka akitembea mwenyewe, akilalamikia chakula cha wodini. Shemeji alitibiwa kitanda cha jirani; lakini yeye hata walipomwambia amepona hakuonekana kama mtu aliyepona. Ghala lilifungwa. Watu wa afya walikuja wamevaa mavazi meupe, wakaondoa mifuko yote yenye utepe, wakafukia mizoga ya panya kwa mamia. Vipanga wengine wawili walikufa wiki ile, kisha ubao ukatulia. Waliobaki walilivuka lile eneo wakashika njia yao. Mkuu wa kituo alipeleka ripoti serikalini na duara moja jekundu kwenye ramani, na kwa ripoti ile maghala yote yaliyo kwenye njia ya ndege hao yalipigwa marufuku kutumia dawa isiyo na rangi. Darubini aliandika yote, pamoja na bibi. Shemeji ndiye aliyemwambia aandike.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile ya kwanza, walipokuwa kwenye benchi la korido, muuguzi alikuja na karatasi akauliza nani mwingine amekula unga ule. Shemeji alianza kujibu kuwa ni wao tu, nyumba nzima ni watu wawili. Darubini alimwona akisita.

Bibi alizikwa na watu sitini na kitu. Walikaa siku tatu. Walilishwa.

Darubini naye alikuwa miongoni mwao. Alikumbuka mabakuli mawili aliyokula, na alikumbuka kuwa alisifu. Akapitisha ulimi kwenye fizi zake, taratibu, akitafuta ladha ya chuma. Daktari wa zamu alimpima akamwambia asiogope, mabakuli mawili ya siku moja hayamwangushi mtu mzima. Wa kuogopewa ni wale waliopewa unga waende nao. Na dada, kwa ukarimu wake, hakuwaachia wageni wa mbali waondoke mikono mitupu. Alikuwa amewafungia kopo kopo, kila mtu na lake.

Kazi ya kuwatafuta waliifanya watatu. Dada alikumbuka akiwa kitandani na mpira wa damu mkononi, shemeji aliandika, Darubini alipiga simu. Walikuwa wametawanyika kila upande, kwa mabasi, kwa pikipiki, kwa miguu, na hakuna aliyefungwa kifaa mgongoni. Mmoja alisema unga aliwapa kuku. Mwingine alisema fizi zimekuwa zikimtoka damu, alidhani ni mswaki mpya. Huyo alikimbizwa hospitali usiku uo huo. Binamu wa shemeji, simu yake ilipokewa na mkewe, aliyewaambia kuwa mwenyewe alizikwa wiki mbili nyuma. Alidondoka kwenye baiskeli ikiwa imesimama. Darubini alimpa pole, akaziba simu kwa kiganja, akashindwa kumwambia shemeji, na shemeji akaelewa.

Mwisho wa juma walikuwa wamebakiza mstari mmoja tu usio na namba ya simu. Mama wa makamo, skafu ya kijani, kopo la kilo mbili. Ndugu wa shemeji walidhani ni jirani. Majirani walidhani ni ndugu. Wafanyakazi wa ghala walidhani amekuja na dada. Tangazo lilitolewa redioni mara nne, Darubini akalibandika pia kwenye vituo vya mabasi vya pande zote, na hakuna aliyejitokeza.

Kila aliyeulizwa alimkumbuka vizuri. Alikula kidogo, walisema, akaosha vyombo vingi, akashukuru sana kwa ule unga. Alisema wajukuu zake watafurahi.